Kumfikishia Mzee Haki Yake kwa Safari Chache: Mwongozo wa Inua Jamii na SHA

Tuseme mama wa miaka 74 anaishi kijijini, mbali na makao ya kaunti ndogo, na bodaboda humtoza shilingi 300 kwenda na shilingi 300 kurudi. Siku ya kwanza anaambiwa arudi na nakala ya kitambulisho. Siku ya pili anaambiwa kwamba jina lililosajiliwa kwenye laini yake ya simu halifanani na lile la kitambulisho. Siku ya tatu anakuta afisa anayehusika ameenda mkutanoni. Kufikia hapo ametumia shilingi 1,800, na malipo anayoyatafuta, yaani yale ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa fedha wazee na wengine wenye uhitaji, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wazee wengi hukata tamaa mahali hapo, ingawa sheria haijawanyima chochote, kwa sababu njia ya kuwafikisha kwenye haki hiyo imekatwa vipande vipande na kila kipande kina nauli yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtoto, mjukuu, jirani, mhudumu wa afya ya jamii au muumini wa kanisa au msikiti anayetaka kumsaidia mzee wa kipato kidogo nchini Kenya. Ushauri wake mkuu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanyike nyumbani kwa mzee, kabla hajapanda pikipiki wala matatu, ili atakapofika ofisini awe na kila kitu mkononi na safari moja itoshe kwa mambo yote yanayoweza kumalizwa siku hiyo.

Kabla ya hatua yoyote, ni vyema wewe na mzee mfahamu kwamba hamwendi kuomba hisani. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo na usaidizi wa kutosha kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Kifungu cha 43 kinaitaka Serikali itoe hifadhi ya jamii kwa watu wasioweza kujikimu wao wenyewe na wategemezi wao. Nayaeleza haya mapema kwa sababu nimewaona wazee wakisimama mbele ya dawati huku wamevua kofia na kuomba radhi kwa kusumbua, halafu wakaondoka bila kuuliza swali walilosafiri kuliuliza.

Anzeni na kitambulisho

Keti na mzee nyumbani kwake, mchana kwenye mwanga mzuri, na umwombe akuonyeshe karatasi zote alizonazo. Nyingi utazikuta ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro au ndani ya Biblia: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya zamani ya kliniki, risiti za michango ya chama. Usitupe hata moja, kwa kuwa kadi ya ubatizo iliyochakaa inaweza kuwa ushahidi pekee wa mwaka aliozaliwa. Baada ya hapo chukua kitambulisho cha kitaifa na ukisome neno kwa neno.

Angalia kwanza majina. Je, yako mangapi, yamepangwaje, na kila moja limeandikwaje? Mama aliyeandikishwa kwa jina la baba yake huenda sasa anafahamika kijijini kote kwa jina la mume, na benki au kampuni ya simu huenda ilimsajili kwa jina hilo la pili. Herufi moja iliyozidi au iliyopungua inatosha kuuzuia mfumo wa kompyuta kumtambua, hata kama chifu na kijiji kizima wanamjua. Kwa hiyo linganisha majina ya kwenye kitambulisho na yale ya laini ya simu, ya akaunti ya benki ikiwa anayo, na ya usajili wa SHA, yaani bima ya afya ya umma, ukayaandike yote kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya jingine. Tofauti zitajitokeza mara moja, na utajua cha kurekebisha kabla ya mtu yeyote kukurudisha.

Kisha angalia tarehe ya kuzaliwa. Vitambulisho vya wazee wengi vina mwaka tu, bila siku wala mwezi, na mara nyingi mwaka wenyewe ulikisiwa. Sababu yake imo katika historia yetu. Enzi za ukoloni wanaume Waafrika waliwekewa kipande, yaani kitambulisho cha lazima, ili kudhibiti kazi na nyendo zao, na hata baada ya Uhuru sheria ya kuandikisha watu iliendelea kuwahusu wanaume pekee hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, iliporekebishwa ili iwajumuishe wanawake. Mwanamke aliyezaliwa katika miaka ya 1940 alipata kitambulisho chake cha kwanza akiwa mama wa watoto, na umri wake ukaandikwa kwa kukadiria kutokana na ndoa yake, na mzaliwa wake wa kwanza, au na njaa na mafuriko ambayo watu waliyakumbuka. Ndiyo maana utakutana na mama ambaye wadogo zake wanalipwa Inua Jamii ilhali yeye, kwa mujibu wa kitambulisho, hajafika miaka 70.

Ikiwa umri umekosewa kwa kiasi kinachomnyima haki, ombeni marekebisho katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo au katika kituo cha Huduma. Mtahitaji ushahidi, nao hupatikana katika zile karatasi za mfuko wa plastiki: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, cheti cha shule, pamoja na barua ya chifu. Mwaweza pia kutakiwa kupeleka matokeo ya kukadiriwa umri na daktari katika hospitali ya umma, au hati ya kiapo. Marekebisho ya namna hii huchukua muda, kwa hiyo yaanzisheni mapema bila kusubiri siku ya usajili itangazwe.

Kama kitambulisho kimepotea au kimefutika, anzeni na kituo cha polisi ili mpate taarifa rasmi ya kupotelewa, kisha mwende kuomba kingine. Ulizeni ada inayotozwa wakati huo, maana imebadilishwa mara kadhaa. Wakati mnasubiri, tunzeni kikaratasi cha kusubiria kana kwamba ni kitambulisho chenyewe, na mkitoe nakala siku hiyohiyo.

Mwishowe nunua daftari dogo, ulifanye kuwa la mzee peke yake. Kwenye ukurasa wa kwanza andika majina yake kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kata ndogo, kata, kaunti ndogo, nambari ya simu, na jina la mtu wa karibu anayeweza kupigiwa. Kurasa zinazofuata ziwe za kumbukumbu: kila mnapokwenda ofisini, andika tarehe, jina la ofisi, jina la mliyezungumza naye, na alilowaambia. Daftari hili la shilingi chache litawasaidia kuliko kitu kingine chochote siku mambo yatakapokwama, na humwondolea mzee mzigo wa kusimulia upya kila mara.

Jueni mnachoomba

Katiba inamwita mzee mtu aliyezidi miaka 60, lakini malipo ya Inua Jamii kwa wazee huanzia miaka 70. Kuchanganya umri huu wa aina mbili kumewapotezea wengi nauli. Mpango wa malipo kwa wazee ulianza kwa majaribio katika miaka ya 2006 na 2007, ukilenga wazee wa miaka 65 na zaidi wanaoishi katika umaskini, na mwaka 2018 ukapanuliwa ili umfikie kila raia mwenye miaka 70 au zaidi asiyepokea pensheni. Tangu wakati huo usajili wa watu wapya umefanywa kwa awamu. Maana yake ni kwamba mzee haingii kwenye orodha siku anapotimiza miaka 70, na kwamba jina lake linaweza kubaki nje kwa miaka kadhaa iwapo hakuna anayefuatilia. Jambo hili lisemwe wazi kwa mzee tangu mwanzo, asije akaamini kuwa amekataliwa yeye binafsi.

Masharti ya msingi ni haya: awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, awe na umri unaotakiwa, asiwe anapokea pensheni ya Serikali, na asiwe tayari kwenye mpango mwingine wa malipo kama huu. Sharti la mwisho linahitaji uangalifu, kwa kuwa jina la Inua Jamii limebeba pia malipo ya watoto mayatima na walio katika hali ngumu, pamoja na yale ya watu wenye ulemavu mkubwa. Nyanya anayewalea wajukuu mayatima huenda jina lake liko kwenye mpango wa watoto hao, na mzee asiyeweza kuinuka kitandani bila kusaidiwa huenda anastahili ule wa ulemavu. Mweleze afisa hali nzima ya nyumba na umuulize ni mpango upi unaowafaa, badala ya kujaza fomu ya kwanza mtakayopewa. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna pia mpango wa kukabiliana na njaa unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, na kiwango chake cha malipo ni tofauti.

Wajane wa watumishi wa umma wasisahauliwe. Mama ambaye mumewe alikuwa mwalimu au askari anaweza kuwa na haki ya pensheni ya mjane ambayo haijawahi kudaiwa, na pensheni hiyo huenda ikamfaa kuliko Inua Jamii. Uliza kuhusu kazi aliyofanya marehemu, utafute barua ya uteuzi au hati ya mshahara katika zile karatasi, na uanzie katika idara ya mwajiri wake wa mwisho.

Siku ya kwenda kwa chifu

Mlango wa Inua Jamii ni ofisi ya chifu au naibu wake, pamoja na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Tangazo la usajili hutolewa katika baraza la chifu, na mara nyingi huwafikia watu kupitia mzee wa kijiji. Kwa hiyo mtembelee mzee wa kijiji kwanza, mwambie kuna fulani ambaye hajaandikishwa, umwonyeshe daftari, na umwombe akupigie simu tangazo litakapotoka. Mzee anayeishi peke yake mwisho wa njia, asiyesikia vizuri wala kuhudhuria mabaraza, ndiye anayeachwa nje mara zote.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu uulize kama afisa yuko na kama siku hiyo anahudumia jambo lenu. Bebeni kitambulisho halisi na nakala 3, picha ndogo, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mzee, daftari, karatasi za ziada kama kadi ya ubatizo, na maji ya kunywa. Kama mzee anatumia dawa za presha au sukari, aende nazo na ale kabla ya kutoka. Ondokeni asubuhi na mapema, si kwa ajili ya foleni peke yake, bali pia kwa sababu mkigundua upungufu saa tatu asubuhi mtaweza kuutatua siku hiyohiyo, jambo ambalo haliwezekani saa tisa alasiri.

Ofisini, mwache mzee ajibu maswali mwenyewe kadiri awezavyo, nawe usaidie tu pale anapokwama au lugha inapomshinda. Maswali kuhusu nyumba, mifugo, shamba na watoto walio mjini hujibiwa kwa ukweli. Wapo wazee ambao kwa aibu husema watoto wao huwatunza vizuri, hali hawajapokea kitu tangu mwaka jana, na jibu hilo la kulinda heshima ya familia likaandikwa kuwa kipato. Zungumza naye nyumbani mapema, kwa upole, umweleze kwamba kusema hali ilivyo hakumvunjii mtoto wake heshima.

Mkimaliza, usiondoke bila kuuliza mambo matatu: je, jina limeingizwa leo au limeandikwa tu pembeni, orodha itatoka lini na itabandikwa wapi, na ni nani wa kuulizwa ikiwa halitakuwepo? Andika majibu mbele ya afisa. Usajili haulipiwi. Mtu yeyote, awe na cheo gani, anayeomba pesa ili aingize jina la mzee, anatenda kosa, na ombi lake liandikwe katika daftari pamoja na tarehe.

Laini ya simu, alama za vidole na msaidizi

Malipo ya Inua Jamii yamekuwa yakipitia benki na mawakala wao, na katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiyahamishia kwenye simu. Ulizeni malipo yanafikaje katika eneo lenu, lakini kwa vyovyote vile laini ya simu imekuwa mlango ambao mzee hana budi kuwa nao. Jirani yangu mmoja, mama wa miaka 78, alikuwa na laini aliyonunuliwa na mjukuu na kusajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu huyo. Kijana alipopata kazi Mombasa aliondoka, laini ikapotea, na ilituchukua miezi kulisafisha jambo hilo, kwa kuwa kwa upande wa kampuni ya simu mama hakuwa mwenye laini hata kidogo. Tangu hapo jambo la kwanza ninalolifanya ni kwenda na mzee kwa wakala wa simu, laini isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe, hata kama hajui kusoma ujumbe.

Nambari ya siri ni suala gumu zaidi, na sitaki kulirahisisha. Mzee asiyeona vizuri hawezi kutoa pesa bila mtu mwingine kujua nambari hiyo, na yule anayeijua ana uwezo wa kumwibia. Njia iliyo salama kuliko nyingine ni mpango wenyewe kumtambua msaidizi rasmi, mtu mzima mwenye kitambulisho aliyechaguliwa na mzee, ambaye jina lake linaandikwa pamoja na la mzee. Mzee amchague akiwa peke yake, bila watoto wake kumzunguka, na aulizwe mara mbili. Katika uzoefu wangu, anayechaguliwa kwa uhuru si daima mtoto mkubwa. Mara nyingi ni binti aliyeolewa karibu au jirani aliyekuwa akimletea maji siku zote. Baada ya kila malipo, kiasi kilichopokelewa kiandikwe katika daftari, na mtu wa tatu, kama vile mhudumu wa afya ya jamii, alitazame daftari hilo mara kwa mara.

Kuhusu alama za vidole, wazee waliolima, kupasua mawe, kusuka makuti au kufua kwa miaka mingi huwa na vidole vilivyolika, na mashine huvikataa. Siku mbili kabla ya safari, mzee apumzishe mikono yake na kazi za majivu, chokaa na udongo, aioshe kwa maji ya uvuguvugu, na aipake mafuta kidogo jioni. Asubuhi ya siku yenyewe mikono iwe safi na mikavu. Mashine ikikataa kidole gumba, ombeni ijaribu vidole vingine vyote vya mikono miwili kabla ya kukubali kurudishwa, na ikikataa vyote, mwombeni afisa aandike hivyo kwenye kumbukumbu zake na awaeleze njia mbadala ya kuthibitisha. Kukosa alama za vidole kunatokana na kazi ya maisha yote na hakuwezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu.

Usisahau kwamba malipo yasiyochukuliwa kwa muda mrefu humfanya mzee aonekane kana kwamba hayupo tena. Akilazwa hospitalini au akienda kukaa kwa mtoto wake kaunti nyingine, chifu na afisa wa maendeleo ya jamii waarifiwe mapema. Na mzee akifariki, familia itoe taarifa upesi na isiendelee kuchukua fedha, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai ambalo huwaletea wazee wengine wa kijiji ukaguzi mkali na usumbufu.

SHA kwa mzee

Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwepo awali, tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili wake haulipiwi, na unaweza kufanywa nyumbani kwa kupiga *147# kwenye simu, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii, au katika kituo cha afya. Ufanyeni hata kama mzee hana uwezo wa kulipa mchango. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 hugharimiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa mtu aliyesajiliwa, na hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kutochelewa.

Watoto wengi wenye ajira hudhani kwamba makato ya SHA kwenye mshahara wao yanamhudumia pia mama aliye kijijini. Mchango wa mwajiriwa humhudumia yeye, mwenzi wake na watoto wao, hali mzazi husajiliwa kama mwenye kaya yake mwenyewe. Kwa hiyo usimwandikishe mama chini ya jina lako, halafu ukagundua siku ya upasuaji kwamba hayumo.

Baada ya usajili, mfumo huuliza maswali ya kupima uwezo wa kaya: paa na kuta ni za nini, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mnapata maji wapi. Majibu hayo ndiyo yanayokadiria mchango, ambao kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa wasio na ajira rasmi hutakiwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Hapa pana kosa ninalolikuta kila mara. Mjukuu anayejaza kwenye simu huieleza nyumba ya baba yake iliyo kando, yenye umeme na vigae, na sio chumba cha nyanya chenye kuta za udongo, kisha nyanya anakadiriwa kama mtu mwenye uwezo. Eleza kile chumba anacholala mzee na jiko analopikia yeye. Kama ni mzee asiye na uwezo kabisa, mjulisheni mhudumu wa afya ya jamii na afisa wa maendeleo ya jamii ili jina lake lifikiriwe miongoni mwa wale ambao Serikali huwalipia mchango.

Jina lisipotoka au malipo yakikwama

Kwanza hakikisheni aina ya tatizo. Jina ambalo halijawahi kuingizwa, jina lililoingizwa likakataliwa kwa kutofautiana kwa taarifa, na jina lililolipwa kisha likasimamishwa, ni matatizo matatu yenye dawa tofauti. Muulize naibu wa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii ni lipi kati ya hayo. Pia kuna simu isiyolipiwa ya mpango, nambari 1533. Mnapopiga, mzee mwenyewe awe karibu pamoja na kitambulisho na daftari, na mkishaeleza ombeni nambari ya lalamiko, muiandike.

Mkijibiwa kwa maneno matupu mara mbili, hamieni kwenye maandishi. Sheria ya Haki ya Utawala ya 2015 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na inamtaka afisa kumwandikia ombi lake mtu asiyejua kusoma na kuandika. Barua haihitaji wakili. Inatosha kuandika: “Mimi, mwenye kitambulisho nambari hii, niliandikishwa tarehe fulani katika ofisi ya chifu wa kata hii. Naomba kujulishwa kwa maandishi kama jina langu limo katika mpango wa Inua Jamii, na kama halimo, sababu yake ni ipi na nifanye nini ili irekebishwe.” Mzee aweke sahihi au alama ya kidole gumba, peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani. Barua yenye muhuri nimeona ikifungua faili lililolala mwaka mzima. Zikipita siku 21 bila jibu, lalamiko linaweza kupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na huduma hiyo hailipiwi.

Mkiweza kuleta ofisi kijijini

Haya yote humsaidia mzee mmoja mmoja. Kwa chama, jumuiya ya kanisa, kamati ya msikiti au wahudumu wa afya ya jamii wenye wazee 20 au 30 katika kijiji, ni nafuu zaidi kupanga siku moja ambapo chifu, afisa wa maendeleo ya jamii, afisa wa usajili wa watu, wakala wa simu na mwandikishaji wa SHA wakutane chini ya paa moja. Ombeni kwa barua kupitia kwa chifu, mkiambatisha orodha ya wazee na tatizo la kila mmoja. Orodha hiyo, iliyotolewa katika madaftari mliyokwisha kuyajaza, ndiyo inayomshawishi afisa kuja, kwa kuwa anaona kazi iliyo tayari na wala haendi kwenye mkutano wa hotuba.

Pangeni meza kwa utaratibu unaofuata karatasi zenyewe: kitambulisho kwanza, kisha laini ya simu, kisha SHA, na Inua Jamii mwisho, kwa sababu kila meza hutegemea iliyotangulia. Wekeni viti, kivuli, choo kilicho karibu, mashine ya kutoa nakala, na vijana wanaozungumza lugha ya wazee wenyewe, ikiwa ni Kiduruma, Kipokomo, Kiluo au nyingine. Anayeshindwa kukamilisha jambo lolote aandikiwe kwenye daftari kinachokosekana na ni meza gani ya kurudi.

Wale wasioweza kutoka kitandani waandikwe katika orodha yao, na saa nane mchana bodaboda mbili ziwe tayari kumpeleka afisa na mwandikishaji nyumba kwa nyumba. Fedha za mafuta zichangwe mapema, maana ahadi ya “tutawatembelea wiki ijayo” kwa kawaida haitimizwi.

Baada ya miezi miwili, mtu mmoja aliyeteuliwa azunguke na orodha ile ile, amuulize kila mzee kama amepata ujumbe wa simu au malipo, na kwa kila jibu la “bado” apige 1533 papo hapo, akiwa amekaa naye mlangoni.